Kaburi la Kuazima

Wazo la kuazima kaburi lilikuwa langu. Nalisema mapema, maana pale mtaani kwetu Majengo wapo mpaka leo watu wanaoamini kwamba lilikuwa la baba, na baba hayupo tena wa kujitetea. Alikuwa na makosa yake, ubishi ukiwa wa kwanza, lakini hilo halikuwa lake. Lilikuwa la binti yake, mwalimu wa darasa la nne, aliyejiona ana akili kuliko mji mzima.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado chini ya mkoa wa Rukwa. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa kunawaka moto, na watu walivuka kila wiki na magodoro kichwani. Serikali ikasema wageni wote watafutwe, wapelekwe kwenye makazi ya wakimbizi. Na kama kawaida, ikaanza na waliokuwa rahisi kupatikana. Aliyevuka jana alikuwa porini, nani atamfuata huko? Aliyekaa miaka arobaini alikuwa na nyumba mjini, na nyumba haikimbii.

Mmoja wao alikuwa seremala, jirani yetu. Uwanja wake na wetu ulitenganishwa na ua wa minyaa, na nimekua nikiamka kwa sauti ya randa yake na harufu ya mninga. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alitengeneza vitanda, madawati ya shule yetu, na majeneza. Kwa msiba wa mtu asiye na kitu alitengeneza kwa mbao zilizobaki kwenye kazi nyingine, wala hakulisema popote. Mimi aliniona nikitambaa, lakini tangu niliporudi kutoka chuoni hakuniita tena jina langu. Aliniita Mwalimu, kwa heshima iliyokuwa inanitia aibu.

Alitoka Burundi mgongoni mwa mama yake, kabla ya uhuru, hajaota hata meno. Yule mama hakufika. Alifia njiani, kwenye vilima vya Mwese, na wasafiri wenzake wakamzika kando ya njia, wakaendelea na mtoto. Hapa mjini wakamkabidhi kwa seremala wa machimbo ya madini ya risasi, mtu wa kusini asiyekuwa na mtoto. Huyo ndiye aliyemlea na kumfundisha kazi. Machimbo yalipofungwa alirudi kwao, akaahidi kuandika barua, na barua haikuja. Fundi akabaki na randa na msumeno aliomwachia. Alipokuwa kijana aliwahi kwenda Mwese kwa miguu kulitafuta kaburi la mama yake. Alikuta njia ya zamani imeota miti, na hakuna mtu aliyekumbuka lolote. Kikonongo, lugha yetu, alikijua kuliko mimi. Kirundi hakuwa na hata cha kuombea maji.

Ofisa wa uhamiaji aliyeletwa kwetu alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri. Sikumchukia mara moja, ilinichukua kama wiki mbili. Kwanza alimwita Fundi ofisini akamwambia suala lake linashughulikiwa. Kisha akamwambia kwamba amehamia nyumba isiyo na kabati. Fundi akatengeneza kabati la milango mitatu, mninga mtupu, kazi ya mwezi mzima. Sote tulilishuhudia likipita juu ya mkokoteni, likiwa limefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Lilipofika, ofisa akasema suala bado linashughulikiwa, na kwamba mkewe ni mjamzito, watahitaji kitanda cha mtoto.

"Mpe tu," baba alimwambia Fundi. "Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha, mzee. Naona ananifuata huko huko nilikopisha."

Baada ya kitanda cha mtoto ndipo kukaitishwa mkutano wa mtaa. Watu walifurika, kila mmoja na hasira yake. Wapo waliosema wageni wamejaa mno na wapelekwe, na sitadanganya kwamba walikuwa wachache. Lakini hao hao alipotajwa Fundi walisema, "Aa, huyo hapana, huyo ni wetu." Ofisa alisimama akasoma fomu. Kila anayetiliwa shaka aonyeshe kaburi la babu yake mzaa baba, na yeye ofisa atakwenda kulihakiki kwa macho yake.

Msukuma mmoja, mfugaji, akanyanyua fimbo kuomba kusema. "Mimi nimeingia Kibaoni na ng'ombe wangu juzi tu, natokea Shinyanga. Babu yangu kalala huko huko. Mbona mimi hamniulizi kaburi? Huyu mnayemuuliza ndiye katengeneza kiti ulichokalia, afande."

Watu walicheka mpaka wakapiga makofi. Ofisa naye alitabasamu kidogo, halafu akakiangalia kile kiti, halafu akasema sheria ni sheria. Nilitoka pale na hasira. Kama angekuwa katili ningemwelewa. Kilichoniuma ni ule upole wake, na kabati likiwa chumbani kwake.

Ndipo nikapata wazo. Babu yangu alikuwa amezikwa kwenye shamba letu la mihogo, nje kidogo ya mji, na kaburi lake ni kaburi kama kaburi lingine. Kwa nini lisiwe na wajukuu wawili? Baba angesema Fundi ni mtoto wa marehemu kaka yake. Marehemu huyo hakuwahi kuzaliwa, kwa hiyo hakuna ambaye angekuja kumkana. Nililieleza jambo hili jikoni kwetu, nikiwa nimesimama kama niko mbele ya ubao.

Fundi alimwangalia baba. "Mzee atasemaje?" aliuliza.

Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. "Kaburi haliliwi," alisema. "Mwache alitumie. Ila lazima lifagiliwe, lina nyasi mpaka kiunoni. Na likifagiliwa, mtani lazima aitwe."

Hapa nieleze. Ukoo wetu una utani na ukoo mwingine tangu enzi za mababu ambao hata baba hakuwakumbuka. Kwetu, kaburi haliguswi bila mtani. Yeye ndiye anayefungua kazi, na anaifungua kwa matusi. Anamtukana marehemu, anawatukana watoto wake mmoja mmoja, anadai kuku, ndipo majembe yanashuka. Na wala huwezi kumkasirikia, maana anayetukanwa na mtani kaburini ndiye mwenye kaburi. Mtani wetu wakati huo alikuwa mzee mmoja muuza ugoro pale sokoni, mwembamba, mwenye sauti iliyomzidi mwili.

"Baba, huyo mzee hana siri," nilisema. "Tukimwambia leo, kesho wanajua mpaka wapanda treni. Tufagie kimya kimya tu."

"Kaburi halifagiliwi kimya kimya."

"Siku hizi linafagiliwa."

Baba alinitazama, akaurudia mpini wake. Alikuwa mbishi kwa kila mtu duniani isipokuwa kwangu, kwa sababu nilikuwa mtoto wake pekee na nilikuwa nimesoma. Natamani angenibishia siku ile.

Tulikwenda asubuhi ya siku ya pili, mimi, baba, Fundi na majirani watatu, na mafagio na majembe yetu. Njia ya shambani inapita nyuma ya soko. Mimi na elimu yangu yote sikuliwaza hilo. Watu sita wenye mafagio, wamevaa nguo safi, wanaelekea upande wa makaburi, na yule mzee amekaa kwenye meza yake ya ugoro anatutazama tunavyopita. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Hakuuliza kitu.

Ofisa, tuliyekuwa tumempelekea habari, alifika saa nne na baiskeli yake, daftari likiwa kwenye keria. Kaburi lilikuwa limeshatakata. Aliinama, akasoma msalaba, akamuuliza baba maswali, na baba akajibu vizuri kuliko nilivyomfundisha. Marehemu kaka yake alikuwa mrefu, alisema, alipenda sana asali, alikufa kwa homa. Nilianza kumhurumia mtu huyo ambaye hajawahi kuwepo. Ofisa alikuwa anaandika. Alikuwa amefika mstari wa mwisho, nilikuwa nauona kwa jicho langu, tulipomsikia mtu analia kutoka kwenye mihogo.

Yule muuza ugoro alikuja amejifunga kitenge cha mkewe, majivu usoni, ungo kichwani, analia kilio cha uongo kinachosikika mpaka stesheni. Alilirukia kaburi akalikalia kama kigoda.

"Mkonongo mchoyo wewe! Unafagiliwa, mimi sijaitwa! Ulininyima asali ukiwa hai, sasa unaninyima na vumbi lako! Na utafagiliwaje na huyu mwanao?" Akamwelekea baba. "Mbegu yako moja tu! Ukoo mzima unazaa kama sungura, wewe ukatoa mtoto mmoja, tena mwenye masikio kama ungo huu! Mtoto mmoja, na yeye kazaa mmoja. Ukoo wa kuku mgonjwa!"

Majirani waliangalia chini. Baba alifumba macho. Mzee alikuwa bado anaendelea, anadai kuku wake, mpaka alipoiona kalamu ya ofisa imesimama. Akatutazama, akamtazama Fundi, akamtazama ofisa. Nikauona uso wake ukibadilika chini ya majivu. Akashuka kwenye kaburi.

"Mtoto mmoja," alisema ofisa taratibu.

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tunavyowafundisha watoto darasani. Nilifungua mdomo nikajaribu kusema sijui nini, kwamba mzee amelewa, kwamba ni utani tu. Fundi akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Afande, huyu si babu yangu," alisema. "Wasilaumiwe hawa. Wananihurumia tu."

"Lakini ulimfahamu?"

"Nilimpima."

Ofisa hakuelewa. Fundi akamweleza kwamba jeneza la babu lilikuwa la kwanza kulitengeneza peke yake, bila mlezi wake, na alikuwa bado kijana. Futi tano na inchi nane. Mbao hazikuwepo mjini, mvua zilikuwa zimekata barabara, kwa hiyo alivunja kitanda chake mwenyewe, akalala chini mpaka kiangazi. Ubao mmoja ulikuwa na jicho, alama ya tawi, akauweka miguuni usionekane. Baba aligeuka akamtazama. Miaka ishirini na zaidi walikuwa majirani, na hakuwa amewahi kujua mbao za jeneza la baba yake zilitoka wapi.

"Kupima maiti si undugu," alisema ofisa. Alilisema bila dharau, nakiri, kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Akafunga daftari. Alipokuwa anapanda baiskeli alinisogelea mimi. "Mwalimu, mngekuja ofisini tukaongea. Sasa mmenileta mbele ya watu, nitafanyaje? Na mimi nina mkubwa wangu."

Lori lilikuja wiki hiyo hiyo. Lilipakia watu kumi na wawili wa mji wetu, na mmoja wao alikuwa bibi ambaye hakujua anapelekwa wapi, alikuwa anauliza kama watapita kwenye mashine ya kusaga. Fundi aliruhusiwa mzigo mmoja. Alichukua blanketi na sufuria, na randa yake akaja kumpa baba juu ya ua wa minyaa. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimejifungia chumbani. Sikwenda kumuaga, na hilo ni jambo ambalo sijajisamehe.

Miezi iliyofuata mtaa ulinung'unika kama unavyojua kunung'unika. Walinung'unika dukani na msikitini, wakanung'unika kanisani baada ya misa. Mlango wa ofisi ya kata ulianguka, na hakukuwa na wa kuutengeneza. Watu walilisema lile kabati kila siku, na ofisa alipopita waliacha kulisema wakamwamkia. Na mimi nilimwamkia. Usiniulize kwa nini, nilikuwa mwalimu wa serikali. Yule mtani naye aliacha kabisa kututania. Nikinunua chumvi meza ya jirani yake, anageukia upande mwingine. Siku moja nilimfuata nikamwambia kosa lilikuwa langu.

"Mngeniita," alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Mwanangu, mngeniita tu. Ningemtukana na Fundi. Nikishamtukana pale juu ya kaburi, nani angesema si mjukuu wa marehemu? Kumbe kazi yangu mnaionaje nyie, mchezo?"



Baba alikufa miaka miwili baadaye, mwezi wa nne, kwa ugonjwa wa kifua. Nilituma habari kwa akina mama wanaoleta mihogo mikavu sokoni kutoka kule kwenye makazi. Sikutegemea lolote, kwa sababu mkimbizi hatoki bila kibali, na kibali kilichukua wiki. Asubuhi ya pili Fundi aliingia uani kwetu na baiskeli ya kuazima, matope mpaka magotini, mbao nne za mninga zimefungwa ubavuni. Alikuwa amekonda na ndevu zimeingia mvi. Hakulia. Aliuliza randa iko wapi. Nikaenda kuitoa chini ya kitanda cha baba, ikiwa imefungwa kwenye kanga na kupakwa mafuta. Baba alikuwa anaipaka kila mwezi, kumbe. Alipoifungua na kuona haina hata doa la kutu, ndipo akakaa chini akalia kama mtoto.

Alimpima, akaranda, akapiga misumari, watu wakimletea uji. Saa nane mchana tulimpeleka baba shambani, kando ya babu.

Safari hii mtani tulimwita. Nilikwenda mwenyewe, nikapiga magoti mbele ya meza ya ugoro sokoni, watu wote wakiangalia. Alifika shambani kabla yetu. Tulimkuta ameshaingia ndani ya shimo, amelala chali, majivu usoni, amekunja mikono kifuani.

"Hapa pangu!" alipiga kelele. "Huyu Mkonongo mchoyo atafute pake! Hajawahi kunipa hata kijiko cha asali. Na ameacha nini? Ameacha watoto wawili tu, wote hasara!"

Watu walikuwa wanacheka. Kwenye neno wawili kicheko kilipungua, maana wengi walikuwa wanaijua hesabu.

"Wa kike ana mdomo kama redio iliyowekwa betri mpya, hajui hata kumwita mtani. Na wa kiume huyu hapa!" Alinyoosha kidole kutoka shimoni, kikamlenga Fundi. "Kichwa kikubwa, akili kidogo! Mjinga gani anapoteza mninga mzuri hivi kwa baba mchoyo hivi? Toa kuku, mtoto wa marehemu, la sivyo sitoki!"

Fundi alisimama mdomo wazi. Hakuwa na kuku, hakuwa na chochote. Akapapasa, akachomoa penseli ya kazi nyuma ya sikio, akainama akampa. Mzee aliichomeka nyuma ya sikio lake, akatoka shimoni, na alipopita karibu yangu aliniminya mkono kwa nguvu.

Tulikuwa tumeanza kutupia udongo nilipomwona ofisa. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, baiskeli mkononi, na sare safari hii, kofia kichwani. Sijui alisikia kiasi gani. Nadhani alisikia yote. Watu wakampisha bila kuambiwa, mpaka akafika karibu na Fundi.

"Kibali chako kiko wapi?"

"Sina, afande," alisema Fundi. Hakurudi nyuma. Alielekeza kwa mkono wenye udongo. "Lakini mlitaka kaburi. Hili hapa. Andika."

Ofisa alilitazama lile shimo, akatutazama sisi, akamtazama yule mzee mwenye majivu na penseli. Alikuwa kama mtu aliyeamka asubuhi akakuta nyumba si yake.

"Leo sikuja na fomu," alisema.

Kisha akavua kofia, akaibana kwapani, akampokea jirani mmoja koleo na kutupia udongo mara tatu, taratibu, bila kumwangalia mtu. Lile kabati lilikuwa bado chumbani kwake na sikulisahau hata dakika ile. Lakini udongo aliutupia vizuri. Akapanda baiskeli akaondoka peke yake.

Fundi naye ilimbidi aondoke jua likiwa bado juu, kabla hawajahesabiwa kule makazi. Niliifunga randa kwenye ile kanga nikampelekea. Akanirudishia, akasema ikae chini ya kitanda pale pale ilipokuwa. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa mihogo. Nilikuwa na maneno mengi ya kuomba msamaha, nimeyapanga miaka miwili, na hata moja halikutoka.

Alipandisha mguu kwenye pedali, akacheka kidogo.

"Siku ya kufagia, mdogo wangu," alisema, "umwite mtani."